Akala ya Ijara: Namna ya Kukaza Kanda Zilizolegea

Katika eneo la Ijara, Kaunti ya Garissa, ubora wa kiatu hupimwa kwa miiba ya migunga. Ukanda ukikatika malishoni, mbali na maduka ya Masalani, mchungaji hana budi kuutengeneza mwenyewe au kurudi pekupeku. Makala haya yanaeleza namna ya kuutengeneza.

Akala hukatwa kutokana na tairi kuukuu. Makubadhi hushikwa na gidamu ipitayo baina ya kidole gumba na cha pili. Akala, aghalabu, hushikwa na kanda zinazopishana juu ya mguu na nyingine izungukayo kisigino. Kila ukanda huingizwa katika mkato wa soli, kisha hupigiliwa misumari midogo.

Udhaifu wa akala umo katika mkato huo. Msumari ukilegea, mchanga huingia na kuusaga ukanda. Kupigilia msumari mwingine katika tundu lilelile hakufai. Kwanza, misumari ya zamani ing'olewe kwa koleo. Pili, ukatwe mkato mpya kando ya ule wa awali, uwe mwembamba kuliko ukanda ili soli iubane. Tatu, ncha ya msumari isitokeze juu ya soli, isije ikamchoma mvaaji kuliko mwiba alioukimbia. Ukanda uliochakaa hubadilishwa kwa kipande cha tyubu.

Gidamu, soli na ukanda ni msamiati wa mafundi. Ni wajibu wetu wanafunzi wa Kiswahili kuukusanya kabla kandambili za plastiki hazijaufukia.