Kujua Habari na Kujuana: Vizuizi vya Kumjua Kristo Binafsi Miongoni mwa Wakristo, kwa Kurejelea Mazingira ya Kibakwe, Wilaya ya Mpwapwa

Ikisiri

Makala hii inachunguza vizuizi vinavyomfanya Mkristo aliyebatizwa, anayehudhuria ibada na kuyajua mafundisho ya kanisa, abaki bila kumjua Kristo binafsi. Mazingira yanayorejelewa ni ya Kibakwe, katika Wilaya ya Mpwapwa, mahali ambapo Ukristo umekwisha kuwa urithi wa vizazi kadhaa. Hoja kuu ni kwamba vizuizi vilivyo vigumu zaidi havitokani na upungufu wa habari za Kristo, bali na njia zile zile zilizozileta habari hizo. Darasa la ubatizo, daftari la washirika, nidhamu ya kanisa, maombi ya mahitaji na huduma ya mchungaji ni madaraja. Kila moja hugeuka kizuizi pale mwamini anapofanya makazi juu yake badala ya kuvuka.

1.0 Utangulizi

Kibakwe ipo katika Wilaya ya Mpwapwa, Mkoa wa Dodoma, upande wa milima ya Rubeho. Wakazi wa wilaya hiyo wanatoka katika jamii za Wagogo, Wahehe na Wakaguru, miongoni mwa nyingine, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha sokoni, shuleni na kanisani. Katika eneo hilo Ukristo si jambo geni. Mpwapwa ilikuwa kituo mashuhuri katika njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kuelekea Unyanyembe na Ujiji, na wamisionari wa CMS kutoka Uingereza walifika hapo katika miaka ya 1870. Agano Jipya la Kigogo lilichapishwa mwaka 1899. Mwaka 1927 iliundwa Dayosisi ya Tanganyika ya Kati chini ya Askofu George Chambers, na mwaka 1991 Dayosisi ya Mpwapwa ikazaliwa kutoka humo. Sambamba na Waanglikana, Wakatoliki, Walutheri na Wapentekoste nao wamejenga makanisa yao katika mkoa huo.

Kwa hiyo, Mkristo wa leo wa Kibakwe anaweza kuwa mjukuu au kitukuu wa Wakristo. Hakuna haja ya kumweleza Yesu ni nani. Amelisikia jina hilo tangu akiwa mgongoni mwa mama yake. Swali linaloulizwa na makala hii linatokana na hali hiyo hiyo: je, mtu anayejua habari zote za Kristo anaweza kuwa hajamjua Kristo mwenyewe? Na kama anaweza, ni nini kinachomzuia?

2.0 Maana ya "Kumjua"

Kitenzi "kujua" katika Kiswahili hubeba maana zaidi ya moja. Mtu anaweza kusema "namjua Rais" ilhali hajawahi kukutana naye. Anachomaanisha ni kwamba anajua jina lake, sura yake na kazi yake. Lakini mtu huyo hawezi kusema "tunajuana na Rais" bila kuulizwa walikutana wapi. Kiambishi cha kutendana, -an-, kinadai pande mbili. Anayesema "tunajuana" anadai kwamba yeye naye anajulikana.

Tofauti hii ya kisarufi inasaidia kuzisoma baadhi ya sehemu za Maandiko kwa makini zaidi. Katika Mathayo 7:21–23, watu wanaofukuzwa si wapagani. Wametoa unabii, wametoa pepo na kufanya miujiza kwa jina la Bwana. Hukumu inayotolewa juu yao haisemi kwamba wao hawakumjua. Inasema kwamba yeye hakuwajua wao kamwe. Paulo naye, katika Wagalatia 4:9, anapotaja kumjua Mungu hujirekebisha mara moja na kuhamishia uzito kwenye kujulikana na Mungu. Yohana 17:3 huufanya ujuzi huo kuwa ndio uzima wa milele wenyewe. Kwa msingi huo, katika makala hii "kumjua Kristo binafsi" kunamaanisha kujuana naye: mwamini anamwendea kama alivyo, na anakubali kuonekana naye kama alivyo.

Sehemu nyingine ya msingi ni Wafilipi 3:4–11. Paulo anaorodhesha mambo aliyoyaona kuwa hasara kwa ajili ya kumjua Kristo: tohara ya siku ya nane, kabila la Benyamini, elimu ya Kifarisayo, bidii katika dini. Katika orodha hiyo hamna wizi wala ulevi. Yaliyomzuia Paulo yalikuwa mambo mema, tena ya kidini. Mtazamo huo ndio unaoongoza uchambuzi unaofuata.

3.0 Uchambuzi wa Vizuizi

3.1 Ujuzi wa darasani

Katika Afrika Mashariki, Ukristo na kusoma vilifika pamoja. Katika Buganda, waumini wa kwanza waliitwa "wasomaji", na kwa muda mrefu kujiunga na kanisa kulieleweka kuwa ni kusoma. Urithi huo ulikuwa na faida kubwa: ulimpa mwamini wa kawaida Maandiko mkononi mwake. Hata hivyo, ulifundisha pia kwamba imani ni somo lenye mtihani. Mtahiniwa wa ubatizo au kipaimara hukariri Amri Kumi, Imani ya Mitume, Sala ya Bwana na majibu ya katekisimu. Akijibu sawasawa, hupita.

Kasoro haiko katika kukariri. Mtoto hukariri hata jina la baba yake kabla ya kumwelewa. Kasoro hutokea pale kupita kunapochukuliwa kuwa ndio mwisho wa safari. Aliyehitimu hana sababu ya kurudi darasani. Vijana wengi wanaopata kipaimara kisha wakapoa hawajaikana imani. Wanaamini kwamba wamekwisha kuimaliza. Lugha ya sala huimarisha hali hiyo. Kiswahili cha Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 kimewapa Wakristo msamiati wa ibada ulio mzuri na mzito, lakini mtu anaweza kuomba kwa maneno hayo maisha yake yote bila kumwambia Kristo jambo moja linalomhusu yeye: deni lake, ugomvi wake na ndugu yake, au hofu yake ya usiku. Wakati mwingine jambo hilo husemeka tu kwa lugha ya nyumbani, nayo ndiyo iliyoachwa mlangoni mwa kanisa.

3.2 Jina na daftari

Ubatizo humpa mtu jina, na jina huingizwa katika daftari. Tangu hapo mwamini ana haki na wajibu: kutoa sadaka na ahadi, kushiriki Meza ya Bwana, kufunga ndoa kanisani na, zaidi ya yote, kuzikwa na kanisa. Katika jamii ambamo maziko ni kipimo cha heshima ya mtu na ukoo wake, hofu ya kufa bila mchungaji kaburini ni hofu ya kweli. Wapo wanaolipa zaka za miaka kadhaa kwa mkupuo wanapougua, si kwa unafiki, bali kwa kutaka mambo yao yawe sawa.

Hapa ushirika huwa aina ya bima. Mwanachama wa bima hana haja ya kumfahamu mwenye kampuni. Inatosha kadi yake iwe hai. Vivyo hivyo mshirika anaweza kuwa na uhusiano kamili na kanisa, wenye stakabadhi, bila uhusiano wowote na yule ambaye kanisa ni lake. Uzito wa jambo hili ulionekana kwa namna ya kutisha nchini Rwanda mwaka 1994. Walio wengi sana katika nchi ile walikuwa wamebatizwa, na baadhi ya mauaji ya kimbari yalitendeka ndani ya makanisa yenyewe. Haiwezekani kueleza mauaji yale kwa sababu moja, na wapo Wakristo waliokufa wakiwaficha jirani zao. Lakini yalithibitisha kwamba jina la ubatizo peke yake haliuzuii mkono wa mtu.

3.3 Nidhamu na aibu

Makanisa mengi ya Tanzania hutenga washirika kwa makosa yanayojulikana: uzinzi, ndoa ya mitala, ulevi, uganga. Aliyetengwa hurudishwa baada ya kutubu mbele ya wazee au mbele ya usharika. Utaratibu huu una msingi katika Maandiko na umelinda familia nyingi. Una athari mbili zisizokusudiwa. Kwanza, huwafundisha waumini kwamba dhambi ni ile inayoonekana. Kiburi, uchoyo na chuki havimtengi mtu, kwa hiyo havitubiwi. Pili, humfundisha mtu kujificha. Anayefaulu kuwaficha wazee polepole hujiona amemficha na Kristo, na hawezi tena kusali ila kwa juu juu, maana kila sala ya ndani ingemfikisha pale asipotaka kufika.

Habari ya mwanamke Msamaria katika Yohana 4 inaelekeza kinyume. Mazungumzo yake na Yesu yanaanza kwa maji, yanagusa dini na mahali pa kuabudia, lakini kujuana kunatokea pale linapotajwa jambo la waume zake. Baadaye anawaita watu wa mji wake wakamwone mtu aliyemweleza yote aliyoyatenda. Kilichokuwa aibu yake kimekuwa ushuhuda wake. Anayekataa kuonekana anakataa pia kujuana.

3.4 Mahitaji

Dodoma ni eneo la ukame wenye msimu mmoja wa mvua, na Ugogo una kumbukumbu ndefu ya njaa. Njaa ya Mtunya, iliyotokea mwishoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia na baada yake, iliua watu wengi na kuwatawanya wengine. Hata pande za milimani zenye mvua ya kuridhisha zaidi, mkulima hutazama mbingu kwa wasiwasi. Katika mazingira hayo, kumwomba Mungu mvua, chakula na afya ni jambo la lazima, na theolojia inayoyadharau maombi hayo ni theolojia ya walioshiba.

Hata hivyo, katika Yohana 6 Yesu anawaambia waliomfuata ng'ambo ya bahari kwamba wanamtafuta kwa sababu walikula mikate wakashiba. Hakuwanyima mikate, alikwisha kuwapa. Alichowaonyesha ni kwamba mkate ulikuwa ishara, nao wameishia kwenye mkate. Mwamini anayemjua Kristo kama mtoaji tu hukabiliwa na tatizo siku kisipotolewa kitu. Mvua isiponyesha, mtoto asipopona, hana lingine alilolijua kwake. Ama huondoka, ama hutafuta mtoaji mwingine kwa siri.

3.5 Mpatanishi wa kibinadamu

John Mbiti, mwanatheolojia wa Kenya, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa ya Kiafrika kwamba katika jamii nyingi Mungu huendewa kupitia wapatanishi: wazee, wahenga, makuhani au waganga. Adabu hiyo ya kutomwendea mkubwa moja kwa moja haikufutwa na ubatizo. Imehamia kwa mchungaji, na siku hizi kwa nabii au mtume mwenye maji na mafuta ya upako. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walisafiri hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa kilichotolewa na mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Masapila. Masapila mwenyewe alisema kwamba aliagizwa na Mungu, na bei ya kikombe ilikuwa shilingi 500 tu. Tamaa ya mali haitoshi kulieleza tukio lile. Lilionyesha jinsi Wakristo walioomba majumbani mwao kwa miaka mingi walivyoona kwamba Mungu anasikia zaidi mahali fulani, kupitia mtu fulani.

Mchungaji mwema huombea watu. Lakini anayeombewa daima bila kuomba ni kama anayetuma salamu kila siku kwa mtu anayeishi nyumba ya pili. Maandiko yanamtaja mpatanishi mmoja tu, Kristo mwenyewe (1 Timotheo 2:5).

4.0 Uamsho na Mipaka Yake

Tatizo hili lilitambuliwa mapema na Waafrika Mashariki wenyewe. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, na daktari Joe Church, Mwingereza aliyefanya kazi Gahini nchini Rwanda, walikutana Namirembe na kusali pamoja. Uamsho uliofuata ulienea Uganda, Kenya na Tanganyika. Walengwa wake wakuu walikuwa Wakristo waliokwisha kubatizwa. Festo Kivengere, aliyekuja kuwa askofu wa Kigezi mwaka 1972, alifundisha shule Dodoma katika miaka ya 1940 na 1950, akiwa miongoni mwa waliouleta ujumbe huo katika nyanda za kati. Mkazo ulikuwa katika "kutembea nuruni": kuungama waziwazi, kurudisha kilichoibwa, kupatana na jirani, Mzungu kwa Mwafrika, mwajiri kwa mtumishi. Kwa maneno ya makala hii, uamsho uliwarudisha watu kwenye kujuana.

Lakini uamsho nao ulipata daftari lake. Ushuhuda ulipata muundo wake. Tarehe ya kuokoka ikawa kama cheti. Na salamu ya walokole ikawa alama ya kutambuana kundini. Mtu akaweza kujifunza kushuhudia kama alivyojifunza katekisimu. Na Gahini, kilikoanzia sehemu ya moto ule, imo katika nchi iliyopitia mwaka 1994. Historia hii inazuia hitimisho jepesi kwamba dawa ya njia zilizochoka ni kubuni njia mpya. Njia mpya nayo inaweza kukaliwa.

5.0 Hitimisho

Uchambuzi umeonyesha kwamba darasa, daftari, nidhamu, maombi ya mahitaji na huduma ya mchungaji si maadui wa kumjua Kristo. Kuviondoa kungewaacha waumini bila daraja lolote. Kinachohitajika ni kila kimoja kuulizwa swali moja: kinamfikisha mtu kwa nani? Darasa la kipaimara linaweza kumpa kijana nafasi ya kuuliza maswali yasiyo na jibu kitabuni. Sala ya faragha inaweza kuruhusiwa iwe kwa Kigogo, Kihehe au Kikaguru, kwa maneno ya jikoni na shambani. Nidhamu inaweza kuanza kwa mazungumzo ya siri kabla ya tangazo. Mchungaji anaweza kumwombea mgonjwa, kisha akamwachia mgonjwa amalizie sala.

Hayo ni madogo, wala hayana uhakika wa kufaulu, kwa kuwa kujuana hakulazimishwi na utaratibu wowote. Kanisa linaweza kuwahesabu waliobatizwa, waliopata kipaimara na waliotoa. Haliwezi kuwahesabu wanaojuana na Bwana wao, na kosa lake kubwa lingekuwa kudhani kwamba hesabu ya kwanza inatosha kuwa ya pili.