Je, Wajua Rimu Yako Imesimama Wapi?

Kijana wa Garissa akipata Probox yake ya kwanza, haanzi na shoki wala breki. Anaanza na rimu. Na swali atakaloulizwa na kila mtu, kuanzia Soko Mugdi hadi Soko Ng'ombe, ni moja tu: "Ni inchi ngapi, abti?" Kumi na tano, kumi na sita, na mwenye mfuko mnono kumi na saba. Matundu ya nati yakilingana, na tairi lisipogusa fenda gari likiwa limesimama, pesa zinalipwa, picha inapigwa, na biashara imekwisha.

Namba ambayo ingeamua kama gari hilo litafika Modogashe na kurudi bila beringi kuvuma, hakuna aliyeiuliza. Imeandikwa nyuma ya rimu, upande unaojaa vumbi la breki, baada ya herufi ET: ET45, ET38, ET20, na kwenye rimu za magari ya porini hata ET-20. Hiyo ndiyo ofseti. Inchi za kipenyo ni urembo na bei. Ofseti ndiyo inayosema gurudumu limesimama wapi chini ya gari.

Chukua rimu, uwazie mstari unaoigawa katikati ya upana wake. Halafu tazama ule uso bapa unaolala kwenye habu, penye matundu ya nati. Uso huo ukiwa juu ya mstari kabisa, ofseti ni sifuri. Ukisogea upande wa nje, ofseti ni chanya, na gurudumu linazama ndani ya fenda. Ukisogea upande wa breki, ofseti ni hasi, na gurudumu linachomoza nje. Vipimo vyake ni milimita, na magari madogo yanayovutwa na magurudumu ya mbele, Probox ikiwemo, huzaliwa na ofseti kubwa ya upande wa chanya.

Tuseme inatolewa rimu ya chuma yenye upana wa inchi 5.5 na ET45, inaingia ya inchi 7 yenye ET35. Upana umeongezeka inchi moja na nusu, yaani milimita 38, nusu ndani na nusu nje: 19 kwa 19. Ofseti nayo imepungua 10, kwa hiyo rimu nzima imesogea nje milimita 10. Ukingo wa nje umetoka 29, wa ndani umeingia 9. Hizo 29 zinatosha kulikutanisha tairi na fenda siku gari limebeba magunia ya mchele na abiria, na ndiyo sababu utaona fenda nyingi mjini zimepigwapigwa nyundo kwa ndani. Hizo 9 zinalisogeza tairi karibu na mguu wa shoki, mahali ambapo hakuna anayechungulia mpaka mpira uanze kulika.

Lakini kusugua ni shida ndogo. Inasikika, inanuka, mtu anasimama. Ile kubwa haina harufu.

Gurudumu la mbele halikunji kona kwa kuzunguka katikati ya tairi. Linazunguka kwenye mhimili usioonekana. Chora mstari kutoka kwenye jointi ya chini ya gurudumu hadi kichwa cha shoki chini ya boneti, kisha uteremshe mstari huohuo mpaka uguse ardhi. Hauko wima, kichwa chake kimeegemea upande wa injini, kwa hiyo unafika chini mahali fulani karibu na katikati ya unyayo wa tairi. Umbali kati ya mahali hapo na katikati ya unyayo ndio wahandisi hukesha wakiupima. Ukiwa mdogo, shimo linaloligonga gurudumu moja halifiki sana mikononi mwa dereva. Ukiwa mkubwa, kila jiwe linapata nguvu ya kuusukuma usukani, kama mtu anayesukuma mlango akishika mbali na bawaba.

Kuna waliocheza na umbali huo kwa ujanja zaidi. Audi 80 ya mwaka 1972 iliundwa hivi: mstari ule uligusa ardhi upande wa nje wa katikati ya tairi. Breki zake ziligawanywa mshazari, gurudumu moja la mbele na moja la nyuma la upande wa pili, na njia moja ya mafuta ya breki ikikatika lilibaki gurudumu moja tu la mbele linaloshika. Gari la kawaida lingevutwa upande huo. Kwenye Audi hiyo, nguvu ileile ya breki iliupindua usukani kidogo upande wa pili, gari likajinyoosha lenyewe.

Sasa mtu anatia spesa, bamba la kukaa kati ya habu na rimu, ya milimita 25 iliyochongwa jua kali, kwa sababu anataka magurudumu yajae kwenye fenda. ET45 imekuwa ET20. Ule umbali uliopangwa kwa milimita chache umesogezwa nje milimita 25 zote. Matokeo yake utayaona pale lami inapokatika ukingoni, gurudumu la kulia likiwa kwenye lami na la kushoto kwenye mchanga. Kanyaga breki. Tairi la kulia linashika, la kushoto linateleza, na usukani unavutwa kulia, kwenye lori linalokuja. Dereva atasema gari "linavuta". Atalipeleka kwenye mashine ya kunyoosha magurudumu, na mashine itasema kila kitu ni sawa, kwa sababu inachopima ni pembe. Haiulizi tairi limesimama umbali gani kutoka kwenye habu.

Beringi nayo inateseka kwa njia hiyohiyo. Uzito wa gari hupita katikati ya tairi, na beringi imewekwa karibu na njia ya uzito huo. Usogeze uzito nje, na beringi inageuka kuwa egemeo la wenzo. Hapa nawatetea wenye rimu pana: upana peke yake si mwizi. Rimu ya inchi 7 yenye ofseti ileile ya zamani inaacha katikati ya tairi palepale. Ni spesa, na zile rimu zilizonunuliwa kwa sababu zimebonyea vizuri kwa nje, zinazokula beringi.

Tundu la katikati nalo nilitaje upesi. La Probox ni milimita 54.1, na nati zake nne ziko kwenye duara la 100. Rimu za madukani mara nyingi zina tundu kubwa zaidi ili ziingie kwenye magari ya aina nyingi. Pasipo pete ya kujaza nafasi hiyo, ni nati pekee zinazoishikilia rimu katikati, na usukani unatetemeka kwenye lami. Pete ni kitu cha bei ndogo. Uliza pete.

Kuna gari moja Kaskazini Mashariki ambalo kiwanda chenyewe kililiachia kasoro ya magurudumu kusimama pasipofaa, na linaheshimika kuliko yote: Land Cruiser pikapu. Mwaka 2007 Toyota ilipanua pua ya magari ya familia ya 70 ili injini ya dizeli ya V8 iingie. Mhimili wa mbele ukapanuliwa pamoja nayo. Wa nyuma ukaachwa ulivyokuwa. Tangu hapo magurudumu ya nyuma yanapita ndani ya yale ya mbele: tofauti ni takriban milimita 95, karibu 48 kila upande. Cha kuchekesha ni kwamba pikapu tunazozijua zaidi huku, za HZJ79 zinazounganishwa Mombasa, zina injini ya 1HZ ya lita 4.2, silinda sita kwenye mstari mmoja, nyembamba, isiyohitaji upana huo hata kidogo.

Kwenye lami hujui. Nenda kwenye mchanga wa laga, yaani mto mkavu, au njia za kutoka Masalani kwenda Hulugho. Katika mchanga, tairi la mbele ndilo linalofanya kazi ngumu ya kuushindilia. La nyuma linapaswa kupita kwenye njia iliyokwisha kushindiliwa. Kwa milimita 48 za tofauti, kiasi cha robo ya tairi la nyuma linakata mchanga mpya, gari linakuwa zito, dizeli inakwenda. Waaustralia, ambao wana jangwa lao na Land Cruiser zao, hununua rimu za nyuma zenye ofseti tofauti, au hubadilisha mhimili mzima. Mimi nisingefanya hivyo kati ya Wajir na El Wak. Ukiwa na rimu za aina mbili kwenye gari moja, tairi la akiba ni la mbele au la nyuma, si la kote, na pancha haichagui.

Pikapu hizo zina somo lingine, nalo linawahusu wenye Probox. Tairi lake la kazi, 7.50R16, lina kipenyo cha takriban milimita 805, na kati ya rimu na ardhi kuna ukuta wa mpira wa karibu sentimita 20. Ukuta huo ndio shoki ya kwanza ya gari. Ukiingia mchangani unapunguza upepo, tairi linalala, unyayo unarefuka, gari linapita. Rimu ni ya chuma na ina pete ya kulishikilia tairi; ikipinda hunyooshwa kwa nyundo, na tairi hufunguliwa kwa vyuma viwili chini ya mgunga. Pete hiyo ina hatari zake: ikiruka wakati wa kujaza upepo inaua, na fundi anayejaza akiwa ameinama juu yake anahitaji kuzuiwa hata kwa kelele.

Probox yenye matairi ya 155/80R14 ina ukuta wa milimita 124. Ivishe 195/45R16 na ukuta unabaki 88. Gari limeshuka milimita 11 na spidi mita inadanganya. Tena tazama namba ya uzito ubavuni mwa tairi. La kazi lina 88, yaani kilo 560 kwa kila tairi. Hilo la kifahari lina 84, kilo 500, na mengine ya saizi hiyo yana 80, kilo 450 tu. Hili ni gari lililoundwa kubeba kilo 400 za mzigo, na hapa kwetu linabeba zaidi. Halafu mtu analaumu barabara tairi likipasuka. Barabara ina makosa yake mengi, ila hilo si lake.

Kama unadhani naongea kizee, tazama magari ya Safari Rally yanayopita Naivasha tangu mashindano ya dunia yaliporudi Kenya mwaka 2021. Gari la gharama kubwa kuliko mtaa mzima huvaa rimu za inchi 15 kwenye vumbi. Za inchi 18 zinangojea mashindano ya lami.

Linaloniudhi kuliko uchaguzi mbaya ni kinachofuata. Rimu za chuma zilizotolewa, nzima kabisa, zinauzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Matairi nusu mpya yanachomwa kando ya mji, ingawa sheria ya usimamizi endelevu wa taka ya mwaka 2022 inamtaka anayeleta bidhaa sokoni awajibike na mabaki yake. Na kwa kuwa gari lenye ukuta mfupi wa tairi haliwezi kuvumilia njia yenye mawimbi, dereva anachepuka kwenye nyasi. Wa pili anamfuata, wa tatu anachepuka zaidi. Njia moja inakuwa sita, na malisho ya Ijara, ambako swara hirola aliye karibu kutoweka bado anang'ang'ania, yanageuka vumbi kwa sababu ya urembo wa mjini.

Tairi na rimu zilizochoka zina kazi nyingine: mikokoteni ya punda ya kuuza maji mjini Garissa, viatu vya akala, kamba za mpira za kufungia mizigo, mabeseni ya kunyweshea mbuzi, uzito wa kushikilia nguzo ya mwavuli sokoni, kengele ya shule. Kwa kengele, rimu ya matundu sita ya Land Cruiser pikapu za kabla ya 1999 ndiyo ya kuazima kwanza, kwa kuwa mpya zina matundu matano na haiwezi kuziingia.