Maudhui na Maadili katika Fasihi ya Enzi ya Ukoloni: Mfano wa "Uhuru wa Watumwa"

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, swali la maudhui huonekana jepesi. Aghalabu mtahiniwa huorodhesha: utumwa, dini, ukoloni, uhuru, kisha hudhani kazi imekwisha. Kazi ikiwa ya enzi ya ukoloni, wengi hukimbilia hukumu moja: mwandishi ni kibaraka wa Mzungu. Orodha haijibu swali, na hukumu ya haraka huwanyima haki mwandishi na mtahiniwa mwenyewe. Kazi za aina hii yafaa zisomwe mara mbili: kwanza kwa yale zinayoyasema, kisha kwa yale zinayoyanyamazia.

Istilahi
Maudhui ni jumla ya mambo yanayozungumziwa katika kazi ya fasihi. Dhamira ni kusudi la mwandishi. Maadili ni mwenendo ambao jamii huuenzi na kuurithisha, kama vile utu, haki, shukrani na uvumilivu. Usiyachanganye haya matatu.

Kazi na mazingira yake
"Uhuru wa Watumwa" kilichapishwa London mwaka 1934 na Sheldon Press, tawi la uchapishaji la shirika la Kianglikana. Mwandishi, James Mbotela, alikuwa mtoto wa mtumwa aliyekombolewa. Kitabu kinasimulia jinsi watu walivyotekwa bara, wakasafirishwa hadi pwani na kuuzwa, jinsi manowari za Waingereza zilivyowaokoa baadhi yao baharini, na jinsi walivyopewa makao Freretown, kijiji kilichoanzishwa na wamishenari karibu na Mombasa mwaka 1875.

Maudhui na maadili
(a) Ukatili wa utumwa. Mtu anageuzwa bidhaa. Utu ndio unaotetewa hapa.
(b) Ukombozi na dini. Uhuru wa mwili unaandamana na imani mpya na elimu ya misheni.
(c) Shukrani. Waingereza wanasifiwa kwa wingi. Hapa ndipo wahakiki wengi hukasirika.

Hebu tulitazame hili la tatu kwa makini. Mtoto aliyelelewa akisikia jinsi mzazi wake alivyoponea minyororo ana sababu ya kushukuru. Katika mila zetu, asiyeshukuru hulaumiwa. Shukrani hiyo basi si unafiki. Hata hivyo, kufikia mwaka 1934 Waafrika wa Kenya walikuwa wakibeba kipande, wakitozwa kodi ya kibanda, na wengi walikuwa wamepokonywa ardhi. Kitabu hakiukosoi utawala huo. Mhakiki mzuri ataeleza yote mawili: ukweli wa shukrani, na jinsi shukrani hiyo ilivyomfaa mtawala.

Mifano ya kulinganisha
Jambo hili halikutokea kwetu pekee. Katika Marekani ya kikoloni, Phillis Wheatley, msichana aliyetekwa Afrika Magharibi na kuuzwa Boston mwaka 1761, alichapisha diwani yake London mwaka 1773. Humo lipo shairi linaloonyesha shukrani kwa kuletwa kwenye Ukristo. Lakini katika barua ya mwaka 1774 aliwashutumu wale waliodai uhuru wao huku wakiwamiliki watumwa. Tungesoma shairi hilo peke yake, tungempunja.

Shaaban Robert alifuata njia nyingine. Katika "Kusadikika" (1951), kilichoandikwa Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza, alibuni nchi iliyo angani. Karama anashtakiwa kwa kuanzisha mafunzo ya sheria, naye anajitetea barazani kwa kusimulia masaibu ya wajumbe sita walioitumikia nchi yao na kulipwa mateso. Haki, ujasiri na subira vinasifiwa. Mtawala wa kikoloni hatajwi, lakini msomaji wa wakati ule aliweza kumtambua.

Mbinu darasani
Sisi tunaofundisha Kitengela na Kajiado kwa jumla tuna mfano mlangoni. Mikataba ya mwaka 1904 na 1911 iliwahamisha Wamaasai kutoka malisho yao ya Bonde la Ufa, na baadaye Laikipia, hadi hifadhi ya kusini ambayo Kajiado ilikuwa sehemu yake. Kwenye karatasi za serikali hayo yaliitwa makubaliano. Wamaasai walioyapinga walikwenda mahakamani, na kesi yao ikatupiliwa mbali mwaka 1913. Waagize wanafunzi wawaulize wazee masimulizi ya kuhama, kisha walinganishe na maelezo ya vitabu vya historia. Watang'amua upesi kwamba tukio moja huwa na wasimulizi wengi.

Halafu wajiulize kuhusu kitabu chochote cha enzi hiyo:
1. Nani anasimulia, na amepitia nini?
2. Nani alichapisha, na kwa wasomaji gani?
3. Ni maadili gani yanayosifiwa, na yanamfaidi nani?
4. Ni nani asiyepewa nafasi ya kusema?

Tanbihi: kila hoja ithibitishwe kwa tukio au mhusika kutoka kitabuni. Hoja bila mfano haipati alama kamili.

Maswali ya marudio
1. "Shukrani ya aliyekombolewa ni ya kweli, hata inapomfaidi mtawala." Jadili kwa kurejelea "Uhuru wa Watumwa".
2. Linganisha namna haki inavyoshughulikiwa katika "Uhuru wa Watumwa" na "Kusadikika".