Shilingi ya Waziri: Mkazi wa Mtoni na Bunge Lake

Asubuhi za vikao vya Bunge pale Dodoma, maswali yakishamalizika, Spika hutambulisha wageni walioketi jukwaani: wanafunzi, vikundi vya akina mama, madiwani waliofuatana na mbunge wao. Wageni husimama, hupigiwa makofi, huketi. Baadaye hupiga picha nje na Mheshimiwa aliyewaalika. Hakuna ubaya katika hayo, ila mgeni wa namna hiyo huwa amekwenda kuwatazama watu, na kazi yenyewe imempita. Mtu wa Mtoni, Tandika au Mwananyamala jijini Dar es Salaam anayetaka kulijua Bunge lake angefanya vema kuanza na jambo moja la mtaani kwake, alifuatilie ndani ya kumbukumbu za Bunge, na safari ya Dodoma, akiipata, iwe sehemu tu ya ufuatiliaji huo.

Tuchukue mtaro unaofurika kila masika. Barabara za mitaa na mifereji yake ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na TARURA iko chini ya TAMISEMI, inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa. Kwa hiyo mahali pa kuutafuta mtaro ule ni kwenye bajeti ya TAMISEMI, ambayo hujadiliwa katika mkutano wa bajeti, ule unaoanza Aprili na kwisha kabla ya mwaka mpya wa fedha kufunguliwa Julai 1. Waziri huwasilisha hotuba yake, kamati husoma maoni yake, kisha wabunge huchangia mmoja mmoja. Anayesikiliza michango pekee atakata tamaa upesi: mbunge hulalamika dakika zote alizopewa, halafu humalizia kwa kuunga mkono hoja asilimia mia moja. Utamu uko mbele, Bunge linapokaa kama Kamati ya Matumizi kupitia mafungu. Hapo mbunge asiyeridhika hutangaza kwamba anashika shilingi ya mshahara wa waziri, maana yake anatoa hoja ya kupunguza shilingi moja mpaka apewe maelezo ya kutosha. Shilingi moja haimtii njaa mtu, lakini inamlazimisha waziri asimame na ajibu jambo moja mahususi mbele ya nchi. Muda ukiwa umekwisha, hufuata kinachoitwa gilotini, na mafungu yaliyobaki hupita kwa mkupuo bila kujadiliwa. Mwananchi anayejua mambo hayo mawili atajua kama mtaro wake ulizungumzwa, au ulipita kimyakimya pamoja na mamia ya mistari mingine.

Hayo yote huandikwa. Taarifa Rasmi za Bunge, zinazojulikana zaidi kama Hansadi, zina maneno ya kila msemaji, kwa Kiswahili, pamoja na makofi na vicheko kwenye mabano, na hupatikana katika tovuti ya Bunge. Anayezisoma hukuta swali la msingi, jibu la waziri, swali la nyongeza, na ahadi yenye tarehe. Aprili hiyohiyo huja pia ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambazo ibara ya 143 ya Katiba inataka zifikishwe bungeni. Ndiyo maana mwezi huo una faida ya pekee kwa msomaji: serikali inaomba fedha mpya wakati majibu ya fedha za zamani yako mezani.

Wapo watakaouliza, kwa nini mtu ajisumbue hivyo ilhali televisheni ipo? Januari 2016 serikali ilitangaza kwamba televisheni ya taifa, TBC, itaacha kurusha vikao vyote moja kwa moja, sababu ikitajwa kuwa gharama, na watazamaji wakaandaliwa kipindi cha vipande vilivyorekodiwa. Kilichofika kwenye kioo kikawa kimechaguliwa na mtu mwingine. Jukwaani, mgeni huona pia viti vilivyo wazi, na nani yumo ukumbini kura inapopigwa. Gharama ya safari, hiyo ni hoja nzito zaidi. Zamani Bunge lilikaa katika ukumbi wa Karimjee, daladala moja tu kutoka Temeke; jengo la sasa la Dodoma lilizinduliwa mwaka 2006. Treni ya SGR, iliyoanza safari za huko mwaka 2024, imefupisha njia, lakini nauli ya kawaida, iliyokuwa shilingi 31,000 kwa kwenda tu mwaka huo, ni fedha nyingi kwa mama lishe. Basi asiende. Hansadi haidai nauli, na kamati zinapotangaza kupokea maoni ya wadau kuhusu muswada, barua kutoka Mtoni inapokelewa sawa na ya Masaki.

Kuna wanaosema yote haya ni bure kwa kuwa chama tawala kina wingi wa kupitisha kinachotaka. Wana hoja. Ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa bajeti, na mbunge mwenye akili hasahau hilo anaponyoosha mkono. Lakini Bunge la mwaka 2008 nalo lilikuwa na wingi wa CCM, na ni kamati yake teule, ikiongozwa na Harrison Mwakyembe wa chama hichohicho, iliyosoma ripoti ya mkataba wa umeme wa Richmond. Februari hiyo Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Wingi wa viti huamua kura. Hauzuii swali kuulizwa, wala jibu kuandikwa, na jibu lililoandikwa linaweza kusomwa tena mwaka unaofuata. Wenzetu wa Kenya wametangulia hatua moja: ibara ya 118 ya Katiba yao ya mwaka 2010 inalitaka Bunge lifanye kazi kwa uwazi na kuwashirikisha wananchi, wakati kwetu ushiriki huo unategemea zaidi Kanuni za Bunge na utashi wa kamati. Pengo hilo ni la kudaiwa lizibwe. Wakati tunalidai, mbunge akija kwenye mkutano wa hadhara kueleza aliyotuletea, kuna maswali yasiyohitaji katiba mpya: bajeti ya TAMISEMI ilipopita ulisema nini, shilingi uliishika, na uliirudisha kwa maelezo gani?