Kabla ya Mwongozo, Kitabu: Kumjengea Mwanafunzi Ari ya Kusoma

Mwalimu mwenzangu, mchukue mwanafunzi yeyote wa kidato cha nne umuulize maudhui ya riwaya teule. Atakumiminia: uongozi mbaya, ufisadi, nafasi ya mwanamke, migogoro ya ndoa. Kisha muulize ni sehemu gani iliyomchekesha au kumtia uchungu. Huenda akabaki kukutazama tu. Maudhui aliyatoa kwenye mwongozo. Kitabu chenyewe hajakisoma.

Makala haya yananuia kueleza kiini cha hali hii na namna ya kuikabili, darasani na nje ya darasa.

Kiini kimojawapo ni jinsi tunavyokitanguliza kitabu. Hata kabla ya ukurasa wa kwanza kufunguliwa, tumekwisha kuandika ubaoni dhamira, sifa za wahusika na mbinu za lugha. Mwanafunzi ameambiwa atakachokiona. Atasoma kwa nini tena? Isitoshe, njia hii haimfaidi hata katika mtihani. Karatasi ya tatu ya Kiswahili katika KCSE hutuzwa alama 80 kwa maswali manne, na swali la dondoo humtaka mtahiniwa aeleze nani alisema, akimwambia nani, wapi na kwa nini. Asiyekisoma kitabu hapo hupapasa gizani.

Tufanyeje basi? Kwanza, usomaji wa awali uwe wa kufurahia hadithi. Madaftari yafungwe. Soma kwa sauti, ukipe kila kituo haki yake, na ukomee pale ambapo darasa linatamani uendelee. Ukisoma tamthilia, wagawie wanafunzi nafasi za wahusika. Maadamu nakala huwa haba katika shule zetu nyingi, usomaji wa sauti humfaa pia yule asiye na kitabu.

Pili, anza na maswali yanayomgusa msomaji: "Ungekuwa wewe ungefanyaje?" Wanafunzi wakishabishana iwapo mhusika alitenda haki, tayari wanahakiki. Sifa za wahusika zitatoka vinywani mwao, na ithibati watazitafuta kitabuni wenyewe ili washinde hoja.

Tatu, nje ya darasa mwanafunzi apewe uhuru wa kuchagua. Sanduku la vitabu ishirini darasani, likisimamiwa na wanafunzi wenyewe, laweza kufanya kazi kuliko maktaba iliyofungwa kwa kufuli. Tia humo vitabu vyenye mvuto. Mzimu wa Watu wa Kale (1960) cha Muhammad Said Abdulla, pamoja na mpelelezi wake Bwana Msa na kiko chake, kitamnasa apendaye mafumbo. Siku Njema (1996) cha Ken Walibora kinasimulia safari ya Kongowea, mwana wa mwimbaji wa taarab wa Tanga, akimtafuta babake hadi Kenya; kijana gani hatataka kujua kama alimpata? Usidai ufupisho wa kila kitabu. Dakika tano za kumsimulia mwenzake katika chama cha Kiswahili zinatosha. Naye aliyechoshwa na kitabu aruhusiwe kukirudisha na kuchukua kingine.

Nne, wanafunzi wakuone ukisoma. Mwalimu ambaye kitabu chake pekee ni cha kutahini atawashawishije wengine?

Utasema muda hautoshi, na silabasi ni ndefu. Ni kweli. Hata hivyo, kipindi kimoja cha dakika 40 kwa juma hupunguza kazi ya baadaye, kwa kuwa hutalazimika kufundisha upya kitabu ambacho darasa limekwisha kukielewa. Mwongozo nao una nafasi yake: uje mwishoni, mwanafunzi aupime kwa kile alichokisoma, na hata aupinge.

Mtihani utapita. Atakayeondoka shuleni akiwa na hamu ya kufungua kitabu kingine, huyo ndiye tuliyemfundisha fasihi.