Nyayo za Wageni Kua

Mwalimu wenu na aandike ubaoni neno hili: SETELAITI. Leo tutazungumza juu ya namna ya kujua mgeni amepita wapi katika mji bila kumfuata nyuma.

Huko angani, kama kilometa 20,000 juu yetu, setelaiti za Marekani huzunguka dunia. Kila moja hutoa habari kwa mawimbi ya redio: nipo hapa, na saa ni hii. Kifaa kidogo, hata simu ya mkononi, hupokea habari za setelaiti nne au zaidi, kikapima kila habari imechukua muda gani kufika, na kwa hesabu hiyo kikajua mahali kilipo. Kikifanya hivyo mara kwa mara, jioni unapata mstari kwenye ramani, mfano wa nyayo mchangani.

Katika Akko, mji wa kale wa mawe huko Israeli, wataalamu waliwapa watalii vifaa vya namna hii, wakaona njia zipi hujaa watu na zipi hazikanyagwi.

Sasa tuje kwetu Kua, kisiwani Juani, Mafia. Mji huu ulishambuliwa na Wasakalava kutoka Madagaska katika karne ya 19, ukaachwa. Yamebaki magofu ya jumba, misikiti na makaburi, kuta za mawe na chokaa. Wageni wakizoea kupita mahali pamoja, mawe hulegea. Mstari wa ramani ungetuonyesha mahali hapo, tukahamisha njia mapema.

Lakini kifaa hukosea kwa mita kadhaa, na chini ya miti mikubwa hukosea zaidi. Hakiwezi kusema kama mguu ulikuwa juu ya ukuta au kando yake. Hilo lataka macho ya kiongozi wa wageni. Tena kitaonyesha kwamba wageni husimama sana penye chumba fulani, wala hakitasema sababu. Sababu ni hadithi! Wazee husimulia kwamba watu wa Kisimani walialikwa arusi Kua, wakajengewa ukuta mlangoni, wakafia humo.

Jambo jingine: mstari huo huonyesha hata nyumba aliyolala mgeni. Basi aombwe ruhusa kwanza, na akikataa aachwe.

Kazi ya darasa: choreni ramani ya kijiji chenu. Kila mtu atie mstari wa njia aliyopita leo. Mistari mingi ikikutana mahali pamoja, ulizaneni pana nini hapo.