Je, Wajua? Upanga wa Mwarabu, Bapa la Mjerumani

Sogea hapa, msomaji, leo tunachomoa panga! Je, wajua kwamba panga nyingi za kale za Oman, zile za mpini wa fedha na ala ya ngozi, mabapa yake yalifuliwa Solingen, Ujerumani? Bapa lilivuka bahari likiwa tupu, bila mpini wala ala. Sonara na mshona ngozi wa Arabuni ndio waliolivisha.

Je, wajua upanga wa Kiomani ulionyooka hauna kinga ya vidole? Mpini wenyewe kama mchi mdogo. Kukinga ilikuwa kazi ya ngao ya duara ya ngozi ya kiboko au kifaru, ndogo hata ungeidhania sahani ya pilau.

Hili utalipenda. Wakusanyaji wa Ulaya huuita upanga huo ulionyooka “kattara”. Lakini Waomani huuita saif, na kattara kwao ni ule uliopinda! Sasa fungua kamusi yako utafute “kitara”: upanga uliopinda. Bibi yako alijua kuliko mnada wa London.

Umewahi kumwona mbwa mwitu juu ya upanga? Ni chapa ya wahunzi wa Passau, Ujerumani, tangu karne ya 14, na wale wa Solingen wakaiiga bila haya. Mnyama mwenyewe kachorwa kwa mikato michache, ukiapa ni mbuzi sikulaumu. Wachecheni wa Kaukasi walimtazama wakasema ni nyani!

Na usidhani hirizi ni za kwetu tu. Askari wa Kijerumani walinunua Passau vikaratasi vyenye maandishi, wakavimeza ili chuma kisiwaingie. Kombe kabisa, ila bila maji ya waridi!

Ukikuta bapa limeandikwa 1414, usiruke kwa furaha. Hizo ni tarakimu za fumbo, si mwaka. Wahunzi walizigonga hata kwenye mabapa ya karne ya 17. Andrea Ferrara je? Alikuwa mhunzi mmoja wa Italia, karne ya 16, lakini jina lake limo kwenye maelfu ya panga, mengi yakiwa ya Solingen, tena tahajia zikipishana. Waajemi nao walikuwa na Assad Allah wa Isfahan: sahihi yake ina tarehe zilizopishana zaidi ya miaka 100. Mzee huyo alifua chuma akiwa kaburini?

Je, wajua upanga wa wapanda farasi wa Uingereza wa mwaka 1796, ule uliopigana Waterloo, hukutwa leo umevaa mpini wa Kiarabu? Sasa geuza: mwaka 1825 askari wa majini wa Marekani (Marines) waliwachukulia maofisa wao upanga wenye mpini wa Kimamluki, yaani wa wapiganaji Wamamluki wa Misri, na mwaka 1831 majenerali wa Uingereza wakafuata. Maofisa hao wa Marekani wanauvaa hadi leo! Mzungu kauza bapa, kachukua mpini.

Kassala, Sudan, wahunzi walifua panga kwa springi za lori, kisha wakazigonga chapa ya mwezi ili zifanane na za Ulaya. Macho yako yangeziamini.

Unataka kukusanya? Uliza kwanza mpini ni wa nini. Biashara ya kimataifa ya pembe ya faru ilipigwa marufuku mwaka 1977, na upanga wa babu yake mtu unaweza kukwama forodhani.

Tena tazama bapa la Kiomani linavyotikisika kama jani la mnazi. Kwenye razha, ngoma ya panga, mchezaji hulirusha hewani, lizunguke, kisha hulidaka kwa mpini. Kwa mpini, nimesema!

Na Solingen yenyewe? Tangu 1938 jina lake linalindwa kisheria, kisu kisichotoka huko hakiruhusiwi kulitumia. Ukienda kwa kinyozi, kabla hajakugusa kidevu, mwambie akuoneshe wembe wake.